Mteja Mjanja, Keshia Mjanja, na Bosi Je?

Ukitaka kumnunisha mwenye duka yeyote hapa Dar es Salaam, muulize jioni wakati anafunga: "Tukihesabu mzigo na pesa sasa hivi, vitalingana?" Atacheka kidogo, atakuna kichwa, halafu atakuanzishia stori za wateja. Atakwambia wateja wa siku hizi siyo watu. Ukimvumilia akamaliza, atashusha sauti, ataangalia kama kijana wake yuko mbali, na hapo ndipo itakuja stori ya pili, ile ya kijana mwenyewe.

Mpenzi msomaji, mwezi huu nimezunguka Sinza, Kariakoo, Mwananyamala na Posta nikizungumza na watu wa pande zote mbili za kaunta: wenye maduka, wauza chipsi, wahudumu wa baa, makeshia, na wateja wawili watatu waliokuwa na moyo wa kusema ukweli. Majina yao nayahifadhi, kwa sababu wengi bado wanapata ugali wao pale pale wanapopalalamikia. Mada ni ya pesa, lakini kila niliyekaa naye aliishia kuniambia habari za mahusiano: kaka na mtoto wa shangazi yake, bosi na binti aliyemwamini, keshia na mpenzi wake. Ndiyo maana tumeileta kwenye kurasa hizi.

GAUNI LA IJUMAA

Tuanze na wateja, maana hao ni mimi na wewe.

Dada mmoja mwenye duka la nguo za kutokea, Sinza Mori, aliniambia kwamba adui yake mkubwa mjini anaitwa sendoff. "Ijumaa anakuja mdada kapendeza, ananunua gauni la laki na ishirini bila hata kuomba apunguziwe. Hapo hapo mimi nimeshashtuka. Mbongo gani hapatani bei? Jumatatu huyo hapo, 'dada, limenibana kwapani.' Lebo iko pale pale, pini haijaguswa. Sasa wewe linuse hilo gauni! Pafyumu, jasho na pilau."

Kwa mwaka mzima aligombana na watu. Kuna mmoja alimtishia kwamba atamchafua kwa kila mtu anayemjua, akamrudishia pesa kwa kuogopa midomo. Siku hizi amepata dawa yake. Kila gauni analishonea kitambaa chekundu kifuani, mbele kabisa, kwa mkono. Ukikikata, gauni ni lako. "Anayeweza kucheza kwaito ukumbini na kitambaa chekundu kifuani, huyo aje, nitamrudishia pesa yake na soda juu."

Wengine hawahitaji hata sendoff. Kuna yule anayetoa noti ya elfu tano, akishapewa chenji anang'aka kwamba alitoa elfu kumi, tena anang'aka kwa sauti ili foleni nzima isikie na keshia apate aibu. Kuna anayekula kuku mpaka mfupa unang'aa, ndipo anaita mhudumu kumwonyesha unywele. Kuna wanaoingia wawili kwenye duka la viatu, mmoja anajaribu pea sita, mwenzake mkoba unazidi kuvimba. Na msifikiri hawa ni wenye njaa. Karibu wote walionisimulia walirudia neno moja: "Kavaa vizuri, huwezi kumdhania."

Ila wizi unaowaumiza zaidi wauzaji niliokutana nao upo kwenye simu. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na leo hata muuza mahindi ya kuchoma ana namba yake ya kulipia. Mchezo wenyewe ni mwepesi. Mteja anaagiza, anabonyeza bonyeza simu, mara muuzaji anapata ujumbe kwamba malipo yamepokelewa. Ujumbe umeandikwa sawasawa, una namba ya muamala, una kiasi, una tarehe. Ila umetumwa na mtu wa kawaida kutoka kwenye namba ya kawaida. Saa saba mchana, foleni imefika mlangoni, nani atakumbuka kuangalia aliyetuma ni nani?

Hapa kuna jambo nililokutana nalo sehemu tatu tofauti na linaudhi. Mara nyingi simu inayopokea ujumbe wa malipo haipo dukani kabisa. Anayo bosi, nyumbani Kibaha au Mbezi, kwa sababu hamwamini kijana wake kukaa na laini. Kwa hiyo mteja akisema "nimelipa", kijana anatakiwa apige simu kuuliza. Bosi hapokei, yuko kwenye kikao. Mteja anaonyesha kioo cha simu yake, "si hii hapa imekwenda?" Kijana anatoa chakula. Jioni pesa haijaonekana, na anayekatwa ni kijana. Yaani bosi kaficha simu ili asiibiwe na mfanyakazi, akamfungulia mlango mwizi wa barabarani.

BILI YA MEZA YA JIRANI

Nilishuhudia jinsi wizi wa mteja unavyozaa wizi wa mhudumu kwa macho yangu, grosari moja ya Kinondoni, nikiwa na mashosti zangu wawili. Meza ya pembeni walikuwa vijana watatu. Wa kwanza alinyanyuka na simu sikioni, wa pili akaenda chooni, wa tatu akasema anawafuata wenzake. Hawakurudi. Bili yao ilikuwa Sh 46,000. Mhudumu alibaki amesimama na trei mkononi, hajui alie au acheke.

Nilimwuliza hiyo pesa inalipwa na nani. "Mimi, dada. Bia nachukua kaunta kwa jina langu." Ndivyo ilivyo kwenye baa nyingi: kaunta inamdai mhudumu, mhudumu anamdai mteja, na mteja akipotea deni halipotei naye.

Saa moja baadaye tukaomba bili yetu. Tukakuta soda mbili na bia moja ambazo hakuna kati yetu aliyezinywa. Shoga yangu mmoja ni mhasibu, hajawahi kulipa bili bila kuisoma. Tulimwita yule mhudumu taratibu, tukamwonyesha kwa kidole. Hakubisha wala hakujitetea. Alifuta, akaandika upya, akasema, "Samahani, dada zangu." Sikupata moyo wa kumgombeza. Sikuona pia kwa nini sisi tulipie bia za wale vijana. Ninachojua ni kwamba baada yetu kulikuwa na meza nyingine, na huenda wale hawakuwa na shosti mhasibu.

MAYAI YAMETIMIA

Sasa tuvuke tuingie upande wa ndani.

Kaka mmoja ana kibanda cha chipsi Mwananyamala. Jiko linawashwa saa kumi jioni, linazimwa saa sita usiku. Yeye mchana ana kazi nyingine, kwa hiyo jiko alimkabidhi mtoto wa shangazi yake, kijana wa miaka 22 aliyemtoa Singida, akampangishia chumba, akamnunulia godoro. Hesabu ya kaka huyu ilikuwa ya mayai. Trei ina mayai 30, sahani ya chipsi mayai inakula mawili, kwa hiyo trei moja ni sahani 15. Kila usiku alihesabu mayai yaliyobaki, akapiga hesabu, akapewa pesa. Miezi minane pesa ilitimia. "Ilitimia mpaka raha, dada yangu. Nilikuwa namsifia kwa watu."

Kilichomshtua ni mafuta. Dumu lililokuwa linamaliza wiki likaanza kwisha siku ya nne. Viazi navyo, gunia halifiki Ijumaa. Akafikiri labda kijana anamwaga mafuta, labda anamenya vibaya. Siku moja akatokea saa nne usiku bila taarifa, akainama chini ya meza kutafuta ndoo ya maji, akakuta trei mbili za mayai ambazo hakuzinunua yeye.

Umeelewa mchezo? Kijana alikuwa ananunua mayai yake mwenyewe, anayakaanga kwenye jiko la kaka yake, kwa mafuta ya kaka yake na viazi vya kaka yake, mbele ya wateja wa kaka yake, halafu pesa inaingia mfukoni kwake. Yai la bosi halikuguswa hata moja! Ukimhesabia mayai ni mwaminifu kuliko wote mtaani.

Nilipoisimulia stori hii kwingine, kila mtu alikuwa na yake. Mwenye genge la vinywaji alikuta kreti ya soda ya mfanyakazi ndani ya friji yake. Mwenye boutique aligundua kwamba blauzi nne zilizotundikwa dirishani hakuzileta yeye, ni mtumba wa muuzaji wake, umefuliwa na kupigwa pasi vizuri. Ukimwuliza mfanyakazi wa namna hii kaiba nini, anakushangaa. Hajachukua kitu chako. Kachukua fremu unayoilipia kodi, umeme wako na wateja wako.

Wanaojua biashara ya chakula hawahesabu kitu kimoja. Wanahesabu mayai na mafuta, kuku na vile viboksi vya foili vya kubebea, mikate ya baga na vikombe. Kuku akikatwa robo nne, lazima kuna mifuko au sahani zinazolingana nazo. Kitu kimoja kikitimia na kingine kikapelea, hapo pana maneno.

Kariakoo nako kuna la kwao, linaitwa cha juu. Bosi anamwambia muuzaji, "Hii niletee elfu thelathini." Muuzaji anamwuzia mteja elfu arobaini na tano. Elfu kumi na tano ni yake, na nje mlangoni kuna winga aliyekuvuta dukani ambaye naye anasubiri chake. Je, huo ni wizi? Nimewauliza watu wengi na wamegawanyika katikati. Msimamo wangu ni huu: kama bosi anajua na amekubali, hiyo ni kamisheni, tena ingeandikwa ieleweke. Kama anajua muuzaji peke yake, ni wizi, hata kama thelathini ya bosi imefika kamili. Na wewe mteja uliyetoka hapo ukifurahi kwamba umepunguziwa kutoka hamsini, pole sana.

MPENZI WA KESHIA

Huu ni wizi wa siku zote kwenye sehemu za vyakula vya haraka, na nchi za wenzetu wameupa jina linalotokana na neno "mpenzi". Anakuja mtu wako, anaagiza kuku vipande viwili, kwenye boksi vinaingia vinne. Au anaagiza baga na juisi, mashine inasoma baga tu.

Binti mmoja aliyewahi kukaa kaunta Mlimani alinieleza upande wake na alikuwa anatetemeka sauti. "Ananikuta na foleni, hasemi kitu, anasimama tu ananiangalia. Nisipomwekea, jioni nyumbani ni kesi. Ananiambia sina upendo, namwogopa Mhindi kuliko yeye." Alifukuzwa baada ya kamera kumwonyesha. Yule mwanaume kwa sasa ana keshia mwingine, duka la simu. Mimi nasema hivi, dada: mwanaume anayepima mapenzi yako kwa kuku wa bosi wako, siku ukiachishwa kazi usitegemee hata nauli kutoka kwake.

"NILIKUWA NAKOPA TU"

Turudi Mwananyamala. Kaka yule alimwuliza kijana wake swali ambalo wengi hatuulizi kwa sababu ya hasira: ilianzaje? Ikatoka kwamba kijana alikuwa anabeti. Mikeka ya mpira. Mwanzoni alishinda kidogo, baadaye akaliwa, akachukua mkopo wa kausha damu kwa mama mmoja wa mtaani ili arudishe, ule mkopo nao ukaanza kumkausha kweli. Angemwambia nani? Kaka yake ni mtu wa swala tano, ndiye aliyemdhamini kwa mwenye nyumba, ndiye anayemsifia kwa watu. Kwa hiyo akanunua trei moja ya mayai. Moja tu, ya kulipa riba ya wiki ile.

Mwaka 1953 mtaalamu mmoja wa masuala ya uhalifu wa Marekani, Donald Cressey, alichapisha kitabu kilichotokana na mahojiano aliyoyafanya gerezani na watu waliofungwa kwa kula pesa walizokabidhiwa. Aliona mambo matatu yanarudi rudi. Mtu ana shida ya pesa ambayo hawezi kumwambia yeyote. Ana nafasi, anajua pa kugusa pasionekane. Na ana maneno ya kujiambia ili alale usingizi. Wengi wao walijiambia kwamba wanakopa tu, watarudisha. Wahasibu wa leo wanayaita hayo matatu pembetatu ya udanganyifu, na wanayafundisha darasani.

Kati ya yote matatu, lililonigusa ni hilo la kwanza. Shida tu kila mtu anayo. Hawa walikuwa na shida isiyosemeka. Sasa niambie, katika maduka yetu ambako mfanyakazi ni mdogo wako, au binti wa rafiki wa mama yako, au mtoto wa kanisani kwenu, ni shida ngapi zinasemeka? Mtu baki angekwambia "bosi, nina deni". Ndugu anaogopa habari itafika kijijini kabla ya basi la jioni.

Na heshima hiyo hiyo inamzuia bosi asihesabu. Kaka wa chipsi aliniambia wazi: angekuwa amemwajiri mtu baki, angehesabu mafuta tangu wiki ya kwanza. Kwa mtoto wa shangazi aliona ni kama kumtukana. Kijana hakupelekwa polisi, ingawa Kanuni ya Adhabu ina kosa maalumu la mtumishi kumwibia mwajiri wake, lenye adhabu kali kuliko wizi wa kawaida. Kilifanyika kikao cha familia, kijana akarudishwa Singida. Shangazi hapokei simu mpaka leo. Anaamini mwanaye alisingiziwa ili apewe kazi mdogo wa mke.

KENGELE YA BWANA RITTY

Hili tatizo siyo letu peke yetu wala siyo la leo. Mashine ya kaunta tunayoiona kila mahali ilizaliwa kwa sababu yake. James Ritty alikuwa na baa mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Wateja walijaa, faida haionekani, na alijua wafanyakazi wanatia pesa mifukoni. Akiwa safarini kwa meli kwenda Ulaya mwaka 1878 aliona chombo kinachohesabu mizunguko ya pangaboi la meli, akawaza: kama pangaboi linahesabika, kwa nini mauzo yasihesabike? Mwaka 1879 yeye na kaka yake John walipata hataza ya mashine yao. Waliipa jina linalomaanisha Keshia Asiyehongeka.

Mashine za aina hiyo zikaja kuwekewa kengele iliyolia kila droo ikifunguliwa. Msifikiri kengele ilikuwa ya mbwembwe. Ilikuwa inamwambia mwenye mali aliyeko chumba cha nyuma, "droo imefunguliwa, tega sikio."

Nimeipenda kengele ile kwa sababu moja. Inalia kwa kila mtu. Haiulizi kama aliyefungua ni mwizi au mtakatifu, mtoto wa shangazi au mtu baki, kwa hiyo hakuna wa kukasirika. Kwetu kuhesabu huwa kunaanza siku ambayo tayari kuna mtuhumiwa, na ndiyo maana kunauma.

DAFTARI LA KESHIA

Nimemweka mwisho binti niliyekutana naye Posta, maana kwake yote haya yalikutana sehemu moja.

Ana miaka 24, keshia kwenye mgahawa wa kuku na baga. Wapo watatu kwa shifti, wanatumia droo moja na paswedi moja. Jioni pesa ikipelea, upungufu unagawanywa kwa waliokuwepo. Mshahara wake ulikuwa Sh 200,000 kwa mwezi. Mwezi mmoja alikatwa 85,000, uliofuata 70,000, wa tatu tena 85,000. "Wa tatu nilianza kuwaza, kama nalipa kama mwizi, kwa nini nisiibe?" Hilo ni neno lake, na nadhani kila bosi anayesoma hapa alisome mara mbili.

Hakuiba. Alinunua daftari. Kila akikabidhiwa droo alihesabu kabla ya kugusa, akaandika saa na kiasi, akamwomba msimamizi wake atie saini. Siku ya kwanza msimamizi alikataa, akamwita mjuaji. Aliendelea kuandika bila saini. Baada ya wiki mbili daftari lilionyesha kitu: pesa ilikuwa inapelea baada ya saa nane mchana tu, siku ambazo msimamizi alimpumzisha mtu mmoja kaunta na kukaa mwenyewe. Mteja akiondoka bila kuchukua risiti, oda ilikuwa inafutwa kwenye mashine. Kwa kuwa paswedi ni moja, aliyefuta hajulikani.

Hapa lazima niseme neno kuhusu bosi pia. TRA ilianza kuleta mashine za EFD mwaka 2010, na tangu hapo tumesikia mpaka tumekariri kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Bosi wa mgahawa ule alikuwa na kawaida ya kuwaambia makeshia, "Mteja asipouliza, usisumbuke." Alikuwa anakwepa kodi. Hakuona kwamba anamfundisha msimamizi wake somo lile lile, kwamba mteja asiyeuliza risiti ni pesa isiyo na mwenyewe. Mwanafunzi akafaulu.

Na kukata mshahara je? Wengi hatujui kwamba sheria imeshasema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kumkata mtu kwa ajili ya hasara kienyeji. Lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi deni lenyewe. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake yeye, na awe amepewa nafasi ya kujieleza kwa nini asikatwe. Jumla ya makato isizidi hasara yenyewe, na isizidi robo ya ujira wake. Robo ya 200,000 ni 50,000. Kwa hiyo hata kama binti yule angekuwa na kosa, hata kama angetia saini, 85,000 isingefika. Na hakutia saini popote. Huko kugawana upungufu kama mchango wa harusi hakumo kwenye sheria hiyo.

Simaanishi mwajiri hana meno. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinautaja udanganyifu mkubwa kati ya makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi hata kwa mara ya kwanza, ilimradi ameitwa na kusikilizwa. Uthibitisho ndio unaotakiwa, na uthibitisho hauwezi kupatikana kwenye droo ya watu watatu.

Binti alimwendea bosi. Hakumtaja msimamizi. "Nilimwambia, shikamoo bosi, naomba kitu kimoja, nipe droo yangu na paswedi yangu. Ikipelea hapo, nikate." Bosi alimcheka. Wiki moja baadaye, nadhani baada ya kuwaza usiku, akaagiza droo mbili zaidi na kila mtu akapewa paswedi yake, msimamizi pia. Mwezi ule wa kwanza droo ya binti ilipelea Sh 300. Za wengine hazikupelea kabisa. Hakuna aliyekamatwa, maana mambo ya nyuma hayakuweza kujulikana ni ya nani. Msimamizi aliomba kuacha kazi kabla mwezi haujaisha, akasema anakwenda kumwuguza mama yake.

Ikabaki Sh 240,000 aliyokatwa. Bosi alisema yaliyopita si ndwele. Binti akachukua daftari lake na karatasi za mshahara, akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ambako migogoro ya aina hii inatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60. Hakuwa na wakili. Alisaidiwa kujaza fomu pale pale, akapangiwa tarehe ya usuluhishi.

Siku mbili kabla ya tarehe bosi alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwuliza ni kiasi gani hasa. Walikubaliana kulipana kwa awamu mbili na wakaandikishana. Ya kwanza ameshapokea. Nilipoachana naye alikuwa anaingia shifti ya mchana, anahesabu droo yake.